Gadi kijana uliyenaye au dogo wa drafti: namna ya kuwapima hatua kwa hatua

Kila ikifika Mei wimbo ni ule ule. Timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ina gadi (mchezaji wa nyuma anayeleta mpira) wa miaka 20, kacheza msimu mmoja au miwili, hajawa staa lakini sio garasa, afu bahati nasibu ya drafti (siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu) inawapa piki ya juu, yani zamu ya mwanzo mwanzo, na kuna gadi mwingine wa chuo video zake ziko kwenye simu ya kila mtu, basi ndani ya wiki moja yule wa kwanza washamchoka. Mi kuchambua magadi ndo kazi ninayoipenda kuliko zote kwenye kikapu, so naandika hapa vile ninavyofanya mwenyewe, ekseli ya kawaida tu na bando la kuangalia mechi.

Mfano ntatumia mmoja mkubwa, Cleveland 2019, kwasababu ule umeshaisha na majibu tunayo. Juni 2018 wakamchukua gadi Collin Sexton kwa piki namba 8, staa wao LeBron James akaondoka, msimu uliofuata wakashinda mechi 19 kati ya 82, afu 2019 wakaangukia piki namba 5. Magadi waliokuwa wanaingia mwaka huo: Ja Morant, Darius Garland, Coby White. Sa jifanye ni Juni 2019 na hujui kilichofuata.

Hatua ya 1: andika tarehe za kuzaliwa, achana na "mwaka wa ngapi"

Hii watu wanairuka na ndo inabadilisha kila kitu. Sexton kazaliwa Januari 1999. Morant Agosti 1999. Garland Januari 2000, White Februari 2000. Yani yule mnayemwita "kashacheza NBA, tushamjua" kamzidi Morant miezi saba tu, na Garland mwaka mmoja. Ukiona gadi wako ni mdogo kuliko dogo anayekuja, au wanalingana, basi msimu alioucheza ni faida yake, kashapigwa vikumbo na watu wazima na bado yupo. Ila ukikuta kamzidi miaka mitatu na takwimu zinafanana, hapo anza kuwa na wasiwasi.

Hatua ya 2: takwimu za gadi wako, pointi ziwe za mwisho kuangalia

Sexton msimu wa kwanza, wastani kwa mechi: pointi 16.7, asisti (pasi zinazozaa kikapu) 3.0, mitupo ya pointi tatu asilimia 40.2. Shabiki anaona 16.7 anafurahi. Mi kwenye timu iliyoshinda mechi 19 pointi siziamini sana manake lazima mtu azifunge, mpira upo na dakika zipo.

Ninachoangalia kwanza ni asisti, na namlinganisha na mwenzake wa drafti hiyo hiyo. Trae Young, umri karibu sawa, msimu huo huo, timu nayo mbovu, alitoa asisti 8.1. Sexton 3.0. Hapo sisemi Sexton ni mbaya, nasema ni mfungaji mwenye mwili wa pointi gadi (yule mchezeshaji, kawaida mfupi), ana kama mita 1.85, na hilo ndo tatizo lake lote kwenye sentensi moja. Ile asilimia 40 ya mitupo mirefu ni habari njema ya kweli, inamaanisha anaweza kukaa pembeni mwingine akashika mpira. Kumbuka hilo tutalirudia.

Hatua ya 3: takwimu za dogo wa chuo zipunguze kabla hujazisoma

Chuo wanacheza dakika 40, NBA 48. Mstari wa pointi tatu wa NBA uko mita 7.24 toka kwenye ringi (kona ni karibu zaidi), na 2019 ule wa chuo ulikuwa bado mfupi sana, ndo wakausogeza mpaka 6.75 msimu uliofuata. So asilimia ya pointi tatu ya chuo peke yake usiinunue. Angalia na frithro, ile mitupo huru baada ya faulo. Frithro haina beki, haina haraka, umbali ni ule ule dunia nzima, inakuonyesha mkono wa mtu ulivyo. Markelle Fultz, namba 1 wa 2017, chuo alipiga tatu kwa asilimia 41.3 watu wakasema shuta, lakini frithro alikuwa asilimia 64.9. Baadae ikaja shida ya bega iliyomharibia kabisa mtupo, hiyo ni ugonjwa na hakuna ekseli ingeiona, ila ile 64.9 ilikuwepo mezani kabla.

Na hesabu mechi. Garland alicheza mechi tano tu pale chuoni kwake Vanderbilt, na ya tano aliumia goti dakika za mwanzo kabisa. Mechi nne na kitu! Asisti 2.6. Kwa karatasi huyu hana tofauti na Sexton kwenye kupasia, ukiishia hapa unaandika "wa nini, tunaye tayari" unafunga kompyuta. Ndo mana ipo hatua inayofuata.

Hatua ya 4: kaa uangalie mechi nzima, sio klipu

Hapa ndo natumia muda mwingi kuliko kote. Kwa sisi huku mechi nyingi zinaanza saa nane, saa tisa usiku, so kama una kazi asubuhi tafuta marudio, ila iwe mechi nzima. Chagua tatu kwa kila mchezaji: moja aliyong'ara, moja timu yake iliyopigwa vibaya, na moja aliyokabwa na gadi mwenye mikono mirefu. Afu usiufuate mpira, mfuate yeye.

Andika vitu vitatu tu. Cha kwanza, mwenzake anapoweka skrini (anasimama kumziba beki) na mabeki wawili wakamjia, anafanya nini? Kuna anayeinamisha kichwa aende, kuna anayerudi nyuma akapoteza sekunde tano, na kuna yule ambaye mpira unatoka mkononi kabla beki wa pili hajafika. Huyo wa tatu ndo gadi. Asisti zake zinaweza kuwa chache kwasababu wenzake wanakosa, lakini pasi umeiona imepita. Cha pili, akiwa hana mpira anafanya nini, anasimama mikono kiunoni au anahama kona? Cha tatu, anakaba nani. Kama kocha anamficha kwa mchezaji mbovu wa upinzani kila mechi, andika.

Sexton ni wa kuinamisha kichwa, spidi kali, anafika ringi anafunga. Garland, hata kwa zile mechi chache, alikuwa anabadilisha mwendo, anamweka beki mgongoni, anasubiri. Ni kipaji tofauti kabisa ingawa asisti kwenye karatasi zinafanana.

Hatua ya 5: bei ya piki yenyewe

Dogo wa drafti usimpime na ndoto yake, mpime na namba anayochukuliwa. Chukua piki husika urudi nyuma miaka kadhaa. Namba 5, kuanzia 2010: Cousins, Valanciunas, Thomas Robinson, Alex Len, Exum, Hezonja, Kris Dunn, Fox, Trae Young. Watu tisa. Wakubwa kweli ni watatu, Valanciunas kapiga kazi miaka mingi, hao watano waliobaki hakuna timu iliyopata kile ilichokuwa inakiota siku ya drafti. Sa jiulize Sexton wa 2019 anakaa wapi kwenye mstari huo. Mi namweka wa tano, chini kidogo ya Valanciunas. Yani ana thamani ya piki ya kawaida namba 5, sio zaidi, na sio chini kama mashabiki walivyokuwa wanasema.

Wabongo hii hatua tunaijua kwa uchungu. 2009 Memphis walikuwa na Mike Conley, namba 4 wa 2007, misimu miwili, pointi 10.9 asisti 4.3, watu hawamuelewi. Piki namba 2 wakamchukua Hasheem Thabeet wetu, senta, namba 3 akaenda Harden, namba 7 Curry, wote magadi. Kumwamini Conley walipatia kabisa, akakaa pale mpaka 2019. Ila gadi unaye haimaanishi unafuta magadi wote kwenye orodha. Hasheem nilimshangilia na ningemshangilia tena, lakini ekseli haina utaifa.

Hatua ya 6: wanaweza kucheza pamoja?

Fupi tu. Mmoja apige tatu bila mpira, mmoja akabe mtu mkubwa. Sexton na Garland la kwanza ndio, ile asilimia 40 ndo inafanya kazi hapa. La pili hapana, wote wadogo, mabeki wa nyuma watalia. Kwahiyo jibu langu la Juni 2019 ni: mchukue Garland, usimuuze Sexton leo, ila jua hawa sio ndoa ya milele.

Hatua ya 7: kalenda ya mkataba

Mchezaji wa raundi ya kwanza anasaini miaka minne, miwili ya kwanza ni ya uhakika, mingine timu ndo inaamua. Baada ya msimu wa tatu anaruhusiwa kuongezewa mkataba, na hapo bei inaruka. Gadi mwenye msimu mmoja umebaki naye mitatu ya bei rahisi, dogo mpya unaye minne. Tofauti ndogo. Gadi aliyemaliza mitatu, tofauti ni kubwa mno.

Weka kwenye ekseli tarehe mbili za kukagua upya, mwisho wa msimu wa pili wa dogo mpya, na mwisho wa msimu wa tatu wa yule wa zamani. Novemba, msimu ukiwa ndo umeanza, usiguse chochote. Garland, ambaye Cleveland walimchukua kweli, msimu wa kwanza alikuwa na pointi 12.3, asisti 3.9, mitupo yote kwa jumla asilimia 40, Sexton akiwa na 20.8, na mtandaoni watu washatoa hukumu. 2022 Garland ni All-Star (kachaguliwa mechi ya mastaa), pointi 21.7 na asisti 8.6.

Na Sexton? Msimu wa tatu alifunga 24.3. Kiangazi cha 2021 ndo bei yake ilikuwa juu kuliko wakati wowote, mkataba mpya haujasainiwa, na Garland kashafika asisti 6.1. Tarehe yangu ya pili inaangukia hapo hapo, na hapo ningemuuza. Wao wakabaki naye, Novemba baada ya mechi 11 goti likaenda, na Septemba 2022 akaondoka kwenda Utah pamoja na Markkanen, Agbaji na rundo la piki ili wampate Donovan Mitchell. Kwenye ekseli yangu safu ya msimu wa tatu naipaka nyekundu kwa kila gadi, hata kama anafunga 24.