Jinsi ya kupata umbo la chembe nano ya madini kwenye kompyuta, tukianza na anatezi

Wengi wakianza kumodeli chembe nano (chembe ya nanomita chache tu) wanakata mpira wa atomu kutoka kwenye fuwele, wanautupa kwenye programu, afu wanashangaa mbona haufanani kabisa na picha za hadubini. Madini hayaoti mviringo jamani. Chembe inachagua nyuso zake kwa nishati, kwa hiyo tafuta kwanza nishati ya kila uso, umbo litakuja lenyewe. Mimi natumia anatezi, moja ya sura za fuwele za titani dioksidi (TiO2), ile inayopendwa kwenye kusafisha maji kwa mwanga. Mchanga wa Kwale kule pwani ya Kenya ulichimbwa kwa ajili ya titani hii hii, ila pale inatoka kama madini ya ilmenaiti na rutaili.

Unahitaji Linux, Python yenye ASE na pymatgen (maktaba za kujenga na kushughulikia miundo ya atomu), na Quantum ESPRESSO ya kupiga hesabu za DFT, yaani hesabu za kwantamu za nishati ya elektroni. Vyote bure. Laptopu itavumilia mabamba madogo (vipande bapa vya fuwele vyenye uso juu na chini), lakini kama chuo chenu kina klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) omba akaunti leo leo.

Hatua ya 1: fuwele nzima

Chukua faili la CIF (faili la muundo wa fuwele) la anatezi, seli yake, yaani kipande kinachojirudia, ina atomu 12, na pande zake a ni angstromu 3.785 na c ni 9.514 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Iache itulie, yaani programu isogeze atomu mpaka nishati iwe ya chini kabisa, afu gawa nishati yake kwa 4 upate nishati ya TiO2 moja. Setingi utakazotumia hapa ndo hizo hizo mpaka mwisho, ukibadilisha pseudopotenshali (faili linalowakilisha kiini cha kila atomu na elektroni zake za ndani) njiani inabidi urudi mwanzo maana namba zako hazilinganishiki tena.

Hatua ya 2: kata mabamba

Kwenye pymatgen kuna SlabGenerator, ipe namba za Miller (zinazotaja mwelekeo wa uso kwenye fuwele) 101, 100 na 001, weka ombwe la angstromu 15 hivi juu ya bamba, na kwenye mwelekeo huo wa ombwe pointi ya k (sampuli za mawimbi ya elektroni kwenye hesabu ya DFT) iwe moja tu. Programu itakupa njia kadhaa za kukata uso ule ule, na hapa ndo watu wanapotea. Mtafiti Tasker alishaeleza mwaka 1979 kwamba ukikata vibaya bamba linakuwa na chaji upande mmoja na chaji kinyume upande wa pili, nishati inazidi kupanda kadiri unavyoongeza unene, haitulii ng'o. Kwa hiyo fungua bamba ulitazame kwa macho. Uso wa 101 uliokatwa vizuri una titani zenye oksijeni 5 jirani zikipishana na zenye 6, na oksijeni zenye titani 2 tu zimetokeza juu kwa safu. Ukiona titani ina jirani 4 hapo juu, sogeza mahali pa kukata. Hesabu pia kama oksijeni ni mara mbili ya titani, na pande mbili za bamba zifanane.

Hatua ya 3: nishati ya uso

Toa nishati ya fuwele (ya TiO2 moja mara idadi ya TiO2 kwenye bamba) kutoka kwenye nishati ya bamba, afu gawa kwa mara mbili ya eneo, mara mbili kwa sababu bamba lina uso juu na chini. Mfano, seli ya 101 ina eneo la 3.785 × 10.24, yaani angstromu mraba 38.76. Tofauti ikitoka eV (elektronivolti) 2.13, gawa kwa 77.52 unapata 0.0275, zidisha kwa 16.02 ya kugeuza vipimo unapata 0.44 J/m². Quantum ESPRESSO inatoa nishati kwa Ry (rydberg), kwa hiyo zidisha kwanza kwa 13.6057 upate eV. Ongeza matabaka mpaka namba itulie, usiamini unene mmoja.

Watafiti Lazzeri, Vittadini na Selloni mwaka 2001 walipata J/m² 0.44 kwa uso wa 101, 0.53 kwa 100 na 0.90 kwa 001. Ukiwa mbali sana na hapo, kagua hatua ya 2.

Hatua ya 4: umbo la Wulff

Kanuni ya Georg Wulff ni ya mwaka 1901: umbali wa uso kutoka katikati ya chembe unakwenda sawia na nishati yake, kwa hiyo hapa chini namba za nishati ndizo umbali. WulffShape ya pymatgen inafanya yote, ila nakuomba upige kwa mkono kwanza. Nyuso za 101 peke yake zinajenga piramidi mbili zilizogusana chini, na kila uso umeinama digrii 68.3. Ncha inafika 0.44 ÷ 0.37 (kosaini ya 68.3), kama 1.19. Uso wa 001 uko 0.90, chini ya ncha, kwa hiyo unaikata. Kiunoni piramidi inafika 0.47 (0.44 ÷ saini ya 68.3) wakati uso wa 100 uko 0.53, kwa hiyo 100 hauonekani kabisa. Eneo la 001 linatoka kama asilimia 2 tu ya uso wote wa chembe.

Sasa cheza na namba. Shusha 001 mpaka 0.44, asilimia inaruka kufika 20. Mwaka 2008 mtafiti Yang na wenzake waliotesha fuwele za anatezi zenye asilimia 47 ya 001 kwa kutumia asidi ya hidrofloriki, yenye florini, na ukirudisha hesabu nyuma unakuta 001 lazima iwe chini ya nusu ya 101! Florini ikishika uso ule inageuza mpangilio mzima, ndo maana bamba tupu ndani ya ombwe halitoshi kama chembe yako inakaa majini. Weka maji au florini juu ya kila bamba, toa na nishati ya hizo molekuli, urudie hatua ya 3.

Hatua ya 5: kata chembe yenyewe

Kata fuwele kwa umbo ulilopata. Futa titani zenye jirani chini ya 4, rudisha uwiano wa 1 kwa 2, na kona zilizobaki wazi zizibe kwa maji yaliyovunjika kuwa H na OH. Chembe ya nanomita 3 ina atomu zaidi ya 1,000, hapo DFT ni mzigo, anza na potenshali (fomula nyepesi ya nguvu kati ya atomu) ya Matsui na Akaogi ya 1991 kwenye programu ya LAMMPS au GULP. Chini ya nanomita 2 au 3 hivi kingo na kona zinakuwa nyingi na Wulff haizihesabu, kwa hiyo jenga maumbo matatu manne ya saizi moja, yatulize yote, afu linganisha nishati kwa kila TiO2.