Kufuata hikaya hadi mahali pake: kutoka Gangilonga hadi Ziwa Masoko

Wanaofuatilia hikaya za Nyanda za Juu Kusini za Tanzania wengi huondoka nyumbani na jibu mfukoni. Mmoja anakwenda kucheka, mwingine anakwenda kuogopa, na wote wawili hurudi na habari ileile waliyotoka nayo. Ichukulie hikaya kama shahidi. Mwache aseme yote kwanza, uandike alivyosema, kisha ndipo umpime. Na asiposema kitu, andika pia kwamba hakusema.

Ukimya una uzito, na mfano mzuri upo Mbozi. Kile kimondo cha chuma kilichoko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi kilijulikana kwa wenyeji zamani sana kabla wageni hawajakiona mwaka 1930. Lakini hakuna simulizi la siku kilipoanguka. Kitu kizito namna ile kushuka kutoka angani si jambo la kusahaulika kwa vizazi vichache, kwa hiyo ukimya huo wenyewe ukawa hoja kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita. Sasa nenda Rungwe, kwenye mlima Kyejo. Huko masimulizi ya wenyeji kuhusu moto uliotoka ardhini ndiyo yaliyowasaidia wanajiolojia kuukadiria mtiririko wa lava wa Sarabwe kuwa wa mnamo 1800. Huku watu hawana la kusema, kule wanalo, na pande zote mbili umejifunza kitu.

Waingereza nao wanalo la kwao. Hikaya yao ya karne ya 12 inadai mawe ya Stonehenge, lile duara la kale la mawe makubwa huko kwao, yaliletwa na mchawi Merlin kutoka Ireland, upande wa magharibi. Mwaka 1923 ikaonyeshwa kwamba mawe madogo ya pale, yale ya rangi ya buluu, yalitoka Wales, zaidi ya kilomita 200, na ni magharibi kweli. Nchi imekosewa, uelekeo umepatikana. Ndivyo hikaya zilivyo mara nyingi, hivyo usiitupe yote kwa sababu ya kosa moja.

Kabla ya kuondoka

Chagua mahali pamoja kwa safari moja. Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu (lile la mwamba juu ya Mto Kiwira) na Ziwa Masoko kwa siku moja ni utalii tu, hutapata mtu wa kukaa naye. Nenda Juni hadi Oktoba. Mvua zikianza Novemba njia ya kupanda Ziwa Ngosi kutoka Isongole inateleza kama sabuni, na ukungu ukishuka unaweza kufika ukingoni usilione ziwa lenyewe. Beba koti hata kama Mbeya mjini kuna jua.

Andikia penseli, kwa maana wino wa kalamu hutawanyika daftari likilowa. Simu inatosha kurekodia, ila iweke kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya simulizi, na uvalishe soksi nyembamba upande wa maiki. Bila soksi, upepo wa nyanda za juu utakupa nusu saa ya mvumo. Rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize, ndipo uanze. Beba na rula ya sentimita 15 ya kuweka kwenye picha. Picha ya jiwe bila kipimo haimwambii mtu kama ni kokoto au nyumba.

Kijijini

Pitia kwanza kwa mwenyekiti au afisa mtendaji wa kijiji, hata kama mahali penyewe pako wazi. Ukionekana unazunguka msituni na simu bila kutambulishwa, utadhaniwa mtafuta madini au mtafuta rupia, zile sarafu za zama za Wajerumani, na hapo midomo yote inafungwa. Kijungu, pale Mto Kiwira unapoingia chini ya mwamba, pako kwenye eneo la Magereza, kwa hiyo kibali ni lazima.

Salimia kwa lugha ya hapo. Uheheni na Ubenani ni "kamwene". Kwa Wanyakyusa, mkubwa husalimiwa "mwaghonile", kwa wingi, hata akiwa mmoja. Ukimwambia "ughonile" umemfanya rika lako. Usianze na mizimu. Uliza mashamba, uliza watoto, kaa.

Swali baya kuliko yote ni "Je, ni kweli kuna mizimu hapa?" Mzee atakujibu unachotaka, ama ndiyo ya kukufurahisha, ama hapana ya kukuondoa. Uliza hivi: "Babu, ni mahali gani watoto walikatazwa kwenda?" "Nani hakati kuni kule, na akikata inakuwaje?" "Hili ulilisikia kwa nani?" Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi unakera, lakini sentensi nzuri huja baada yake.

Daftarini gawa ukurasa kwa mstari. Kushoto andika alichokiona mwenyewe, kulia alichosimuliwa. Msikilize mtu wa pili na wa tatu, kila mmoja nyumbani kwake. Ukiwakusanya barazani, mkubwa atasema na wengine wataitikia, nawe utafikiri una mashahidi watatu kumbe una mmoja. Miaka isidaiwe kwa tarakimu; uliza ilikuwa kabla au baada ya nini: Majimaji (1905 hadi 1907), vita ya Wajerumani na Waingereza, Uhuru. Kizazi kimoja kihesabu miaka 25 hadi 30.

Jambo moja halina mjadala. Simulizi likigeuka kuwa "fulani ndiye mchawi", zima simu na usiandike jina. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na katika mikoa hii watu wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Rekodi yako isije ikawa ushahidi wa kumuumiza mtu.

Kwenye jiwe, pango na korongo

Gangilonga, hapo Iringa mjini, maana yake ni jiwe linaloongea, na husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda hapo kutafakari. Nenda asubuhi, na usiwe peke yako giza linapoingia. Andika saa, upepo unatoka wapi, na umesimama upande gani wa mwamba. Bila hayo, "nilisikia sauti" haina pa kushikwa.

Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, ina nguzo za udongo na zana za mawe; kipimo cha urani kwenye mfupa kiliupa umri wa takribani miaka 260,000. Zana hizo ziko chini wazi, na mkono unawasha kuokota. Usiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, na zaidi ya sheria, shoka la jiwe likitoka kwenye tabaka lake hakuna atakayejua tena ni la lini. Lipige picha lilipo, rula kando.

Kwenye michoro ya kale ya mwambani ya Igeleke, hapo Iringa, usimwagie maji ukutani. Wapo wanaofanya hivyo ili rangi iwake. Kweli huwaka kwa dakika tano, kisha maji yakikauka huvuta chumvi ya mwamba juu, na chumvi hiyo huibandua rangi kidogo kidogo. Piga picha mwamba ukiwa kivulini, halafu nyumbani ipitishe kwenye programu ya DStretch. Huvuta rangi nyekundu ambayo jicho haliioni.

Mbozi, usitumie dira karibu na kimondo, hata ile ya simu. Chuma kile huipotosha, tumia GPS. Uzito wake utaambiwa ni tani 12, wengine 16, wengine 25. Yote ni makadirio. Andika namba pamoja na aliyeitaja.

Usiku

Kabla ya kuandika "mzimu", ondoa vitu vitatu. Perere, mnyama mdogo wa mitini, hupiga ukelele usiku unaopanda kama wa mtu anayenyongwa. Asiyewahi kuusikia hatalala. Mabati ya nyumba za kizamani hujikunja baridi ya Juni ikiingia na kugonga kama hatua za mtu darini. Popo hukwaruza dari kuanzia magharibi. Sauti iliyobaki baada ya hapo, andika ilivyo na saa yake, uiache bila jina.

Kupima kwa tarehe: Masoko

Karibu kila mtu Rungwe atakwambia kwamba Wajerumani walitumbukiza dhahabu na silaha ndani ya Ziwa Masoko walipokimbia. Kwanza, lini? Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwishoni mwa Mei 1916, na Tukuyu, iliyokuwa ikiitwa Neu-Langenburg, ikaangukia mikononi mwao muda mfupi baadaye. Msimulizi akisema 1918 waliposhindwa vita, tarehe imehama, maana utawala wao hapo ulikuwa umekwisha miaka miwili nyuma. Hilo haliui hikaya, linaisogeza tu.

Pili, dhahabu ipi? Ukionyeshwa sarafu ya njano, isome kabla ya kushangaa. Yenye maneno 5 au 20 Heller, mwaka 1916 na herufi T, ilipigwa Tabora wakati wa vita. Ile ya njano ni shaba ya njano. Sarafu ya dhahabu ya Tabora ni ya rupia 15 na ina tembo. Ukiambiwa ulipie "kianzio" ili ukaonyeshwe sanduku zima, ondoka. Huo ni utapeli wa kila siku.

Ukirudi

Usiku huohuo ipe kila rekodi jina lenye tarehe, kijiji na namba ya msimulizi, na nakala iende mahali pa pili. Makaburi na sehemu za matambiko usiweke alama zake kwenye ramani ya mtandaoni, kwa sababu wachimbaji wa mali husoma ramani hizo pia. Ukishaandika, rudi na karatasi, kilo ya sukari ukiweza, umsomee aliyekusimulia neno kwa neno. Hapo ndipo atakaposema, "Hapana, mjukuu wangu, kile kijito hakiitwi hivyo," na upande wa kulia wa ukurasa utaanza kujaa upya.