Jinsi ya kupata watahini wa tasnifu ya uzamivu bila fomu kurudishwa

Mimi ni msimamizi wa pili wa binti mmoja wa hapa Mtwara aliyetafiti ubwiriunga wa mikorosho, yaani ugonjwa wa kuvu unaofunika majani na maua kwa unga mweupe. Fomu yetu ya kupendekeza watahini ilirudishwa, tukapoteza miezi minne. Wewe usipitie huko.

Hatua ya 1. Soma kanuni za uzamili na uzamivu za chuo chako: watahini wa ndani wangapi, wa nje wangapi, wawe na sifa gani.

Hatua ya 2. Andika majina sita. Anzia kwenye marejeo ya tasnifu yenyewe.

Hatua ya 3. Kagua uhusiano wa kila mtahini na wasimamizi na mwanafunzi, kwa mfano kama wamewahi kuandika makala pamoja. Hapa usiwe na haraka. Watafiti wa korosho nchini ni wachache na wengi wamepita Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha hapa Mtwara, kwa hiyo kila jina zuri lina undugu wa kikazi na mtu. Fomu yetu ilirudi na mstari wa wino mwekundu chini ya jina la mtahini wa nje. Kulikuwa na makala ya waandishi kumi na mmoja: yeye wa tatu, msimamizi mkuu wa tisa. Hawajawahi hata kuonana! Niliumia, lakini bodi ya uzamili ilikuwa na haki, kwani atakayefungua jalada kesho ataona majina mawili kwenye makala moja, basi.

Sasa ninafanya hivi. Ninaingia Google Scholar, mtandao wa kutafuta makala za kitaaluma, ninaandika jina la mtahini na la msimamizi kwa pamoja, kila moja ndani ya alama za kunukuu. Ninarudia kwa herufi za kwanza tu, maana majarida mengi hufupisha majina. Ninarudia kwa kila msimamizi, nami nikiwemo. Kwa akina mama ninajaribu na jina la kabla ya ndoa. Kisha ninamuuliza mwanafunzi: mtahini huyu amewahi kukufundisha? Mmekuwa mradi mmoja? Usitegemee kumbukumbu za wasimamizi. Wetu alikuwa ameisahau kabisa makala ile.

Majina yote yakianguka, acha zao la korosho, fuata ugonjwa. Ubwiriunga unashambulia pia maembe na zabibu, na kuvu wake ni wa ukoo mmoja. Tulimpata mtaalamu wa zabibu ambaye hajawahi kufanya kazi na mkorosho, na maswali yake kuhusu upuliziaji wa salfa yaliiboresha sura ya nne.

Hatua ya 4. Msimamizi apige simu. Mwanafunzi asiwasiliane na mtahini kabisa. Barua pepe ije baadaye, ya kuomba wasifu. Binafsi ninamchagua mhadhiri mwandamizi mwenye nafasi ya kusoma kuliko profesa maarufu asiye na muda, kwa sababu tasnifu hukaa mezani kwake huku ada ya mwanafunzi ikiendelea kudaiwa.

Hatua ya 5. Fomu hupita idara, kitivo, kisha bodi ya uzamili. Ulizia tarehe za vikao kabla ya kujaza chochote, na weka jina moja la akiba lililokaguliwa vilevile. La kwetu ndilo lililotumika.