Warsha ya kuchora na watoto Bagamoyo: mkaa, manjano na fimbo ndefu

Msanii mmoja anawamudu watoto 12 wa miaka 6 hadi 10. Wakizidi hapo, tafuta msaidizi. Anzeni saa 3 asubuhi chini ya mwembe au mkungu, mkeka chini. Ufukweni kunavutia, ila upepo wa bahari ukishapanda mtashinda mkikimbiza karatasi. Hata kivulini, weka jiwe kila pembe.

Mkaa wa jikoni haufai: ni mgumu, unakwaruza na kuchana karatasi. Choma wa kwenu siku moja kabla. Chukua vijiti vikavu vya unene wa penseli, vimenye maganda, vibane ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, kisha toboa kifuniko tundu moja kwa msumari. Weka kopo kwenye jiko lenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikatika kabisa, epua na uache kopo lipoe lenyewe. Ukifungua la moto, hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu. Vikitoka vya kahawia ndani, havijaiva, rudisha.

Rangi ni manjano ya unga, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kikombe cha uji mwepesi wa ngano uliopoa. Pasipo uji, rangi ikikauka inapukutika. Brashi ni kipande cha kumbi la nazi, kilichopondwa ncha kwa jiwe mpaka nyuzi zifunguke.

Karatasi ya kaki ya rola, mita 3 kwa watoto wanne. Mifuko ya saruji iacheni, hata ile ya ndani: vumbi lake linawasha macho na ngozi.

Sasa funga kijiti cha mkaa kwenye ncha ya fimbo ya mita 1, kila mtoto na yake, wachore wakiwa wamesimama. Fimbo inavuruga mazoea ya mkono, na hapo ndipo penye faida, kwa sababu mkono uliozoea daftari utatoa nyumba, ua na bendera, vilevile kila siku. Mpiga ngoma apige polepole, kisha haraka, kisha anyamaze. Mistari ifuate anachopiga. Bagamoyo, penye TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, mpiga ngoma hakosekani. Kila ngoma ikinyamaza, wahamie nafasi ya jirani. Baada ya dakika 15 hakuna anayejua mstari upi ni wake, wala hakuna wa kulia kwamba ameharibiwa.

Fimbo ziwekwe chini. Wazunguke karatasi wakitafuta kilichojificha kwenye mistari, wakijaze manjano. Rangi ikikauka kidogo, wape maji ya sabuni ya mche na brashi nyingine: manjano yanageuka mekundu palepale. Usiwaambie mapema.

Msanii asichore mfano. Akichora jahazi moja, atavuna majahazi 12. Mtoto akisema “nichoree samaki”, mwambie aonyeshe kwa mkono samaki anavyopinda mkia, kisha apindishe mkaa hivyohivyo. Usiulize “hiki ni nini?”, maana aliyekuwa akifurahia kuzungusha tu atalazimika kuzua jina. Sema unachokiona: “Hapa umekandamiza sana.” Raba isiwepo kabisa. Yupo pia atakayepaka vyote vyeusi. Mwache, akimaliza mpe kitambaa kikavu afute njia za mwanga ndani ya weusi wake.

Wazazi waje dakika 15 za mwisho, na mtoto ndiye aeleze. Tundikeni kazi kivulini, kwani jua linafifisha manjano upesi. Waonywe pia kuhusu nguo: doa la manjano likiguswa na sabuni litakuwa jekundu. Wasuuze vizuri, waanike juani.