Somo: Mwongozo wa bei za sarafu za zamani mtandaoni, kuutengeneza na kuutumia

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba halipwi bei anayoitamani. Analipwa iliyofungwa mnadani, kwa daraja lililoandikwa ghalani. Sarafu nazo ni hivyohivyo. Bei iliyobandikwa kwenye tangazo ni matamanio ya muuzaji, usiiingize kwenye jedwali hata kama imekaa hapo mwaka mzima. Hasa kama imekaa mwaka mzima.

Hatua ya 1. Fungua jedwali la mtandaoni lenye kurasa mbili. Ukurasa wa SARAFU una mstari mmoja kwa kila aina. Wa MAUZO una mstari mmoja kwa kila mauzo. Ukizichanganya, kila mauzo mapya yatafuta bei ya zamani na hutajua bei imepanda au imeshuka.

Hatua ya 2. Ipe kila aina namba yake, kwa mfano DOA-1H-1913-J: heller 1 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1913, kiwanda cha Hamburg. Herufi ya mwisho usiiache, kwani mwaka huohuo Berlin nayo ilipiga heller zenye herufi A. (Neno letu "hela" limetoka hukohuko.) Kazi ngumu zaidi ni heller 20 za Tabora za 1916, zenye herufi T: zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kila mchanganyiko upewe namba yake.

Hatua ya 3. Andika uzito na kipenyo. Tumia mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, na kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo). Rupia 1 ya Kijerumani ina gramu 11.66, fedha ya 917 kwa 1,000, yaani gramu 10.69 za fedha tupu. Gawa kwa 31.1, ambazo ni gramu za aunsi moja ya fedha, zidisha kwa bei ya aunsi ya fedha ya siku hiyo: hiyo ndiyo sakafu ya bei. Rupia ikinaswa na sumaku si ya fedha, usihangaike kutafuta daraja lake, yaani hali yake ya uzima au uchakavu.

Hatua ya 4. Kwenye MAUZO weka namba ya aina, tarehe, daraja, bei, pesa iliyolipwa (shilingi, dola), kiwango cha kubadilisha cha siku ile, na mahali ilipouzwa: mnada, duka au mkono kwa mkono. Ukibadilisha dola ya miaka mitatu iliyopita kwa kiwango cha leo, utadhani sarafu imepanda kumbe shilingi ndiyo imeshuka. Kwa minada, amua mapema kama unaandika bei ya nyundo (iliyofungwa mnadani) au pamoja na ada ya mnunuzi, usibadilishe njiani.

Hatua ya 5. Onyesha bei ya katikati, siyo wastani. Tuseme heller moja imeuzwa 18,000, 20,000, 22,000, 25,000 na 150,000. Wastani ni 47,000, bei ambayo hakuna aliyeilipa wala kuikaribia. Ya katikati ni 22,000. Kanuni za MEDIAN na FILTER zinakufanyia hesabu hiyo kwa kila daraja. Ikikupa kosa au jibu la ajabu, angalia kama kuna aliyeandika "25,000/=" badala ya 25000; jedwali linaisoma kama maneno. Mauzo yakiwa chini ya matatu, andika "hayatoshi".

Unapoutumia, kumbuka duka litanunua chini ya bei hiyo. Nalo lina kodi ya pango.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Mkuu, heller yangu nimeisugua kwa ndimu na jivu, sasa inang'aa kama mpya. Niiweke daraja la juu?
Jibu: Hapana, mkuu. Ndimu imekula ngozi ya juu, ndiyo maana ina wekundu usio wa kawaida, na jivu limeacha mikwaruzo. Andika "imesafishwa", na mauzo yake yasihesabiwe kwenye bei ya katikati.

Nachingwea: Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1948, ile yenye simba, ina fedha?
Jibu: Haina, ni shaba na nikeli. Zilizopigwa hadi 1946 zina fedha 250 kwa 1,000, kama gramu 1.94 kila moja. Unahitaji 16 kupata aunsi moja, kwa hiyo usikubali bei ya sonara anayekuuzia kwa kuzipima zote kwa pamoja kama fedha safi.

Kilwa Masoko: Shikamoo wakubwa. Visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa, tunavijazaje?
Jibu: Marahaba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na visarafu hivyo vimo. Viandikie maelezo, uzito na picha, safu ya bei iache tupu. Usivioshe. Vipeleke ofisi ya mambo ya kale, uwaambie ulipoviokota. Kwenye jedwali la wazi usipataje mahali hapo, maana wachimbaji nao wanasoma.