Kabla hujanunua mpira wa petroli wa gari ya injekta, anza na ncha zake

Wengi mpira wa petroli ukianza kuvuja wanafanya kitu kilekile, wanaukata ule wa zamani wanaenda nao dukani, wanasema nipe kama huu, wanarudi na mpira na klipu mbili, wanafunga, gari inawaka, basi kazi imeisha. Enzi za kabureta hiyo ilikuwa inapita. Kwenye gari ya injekta usifanye hivo, nakuomba kabisa, manake ukichunguza uvujaji mwingi utakuta mpira wenyewe katikati ni mzima, petroli inatokea pale mpira unapokutana na paipu. Kwa hiyo cha kwanza kukijua ni presha ya mfumo wako, halafu ncha zote mbili mpira unapoenda kukaa, ndo baadae uje kwenye mpira na klipu.

Tuanze na presha. Kabureta inakula psi 4 hadi 7, haifiki hata nusu bar (psi na bar vyote ni vipimo vya presha). Injekta za kawaida, zile zinazomwaga kwenye manifodi karibu na valvu, zinataka bar 3 hadi 4, yaani psi 43 hadi 58 hivi, kwa hiyo unazungumzia karibu mara kumi ya kabureta. Ukiwa na taabo na regyuleta (kifaa kinachopanga presha ya petroli) inayofuata busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na taabo, kila bar moja ya busti inaongeza bar moja ya petroli, ya 3 inakuwa 4. Na kuna kitu watu hawakihesabu kabisa, laini ya kurudisha tangini ikikunjika au ikiziba, pampu haina pa kupeleka, presha inapanda mpaka valvu ya usalama ya pampu ifunguke, na hapo inaweza kupita mbali sana ile uliyoizoea kwenye geji. Ndo maana mpira unaochaguliwa kwa presha ileile ya kila siku, bila akiba, haufai.

Sasa kama injini yako ni ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, elewa kwamba ina pande mbili. Toka tangini hadi kwenye pampu iliyofungwa juu ya injini ni presha ndogo, bar 4 hadi 6 hivi, hapo mpira unaruhusiwa. Kuanzia pampu ile kwenda kwenye reli, ile paipu inayogawia injekta petroli, ni bar 100 hadi 200 na zaidi, pale ni paipu za chuma za kiwandani tu, hakuna mpira wala klipu ya dunia hii itakayoshika. Dizeli ya komoni reli, yaani injekta zote zinalishwa na reli moja, ndo usiseme, inapita bar 1,000, na ukihisi inavuja usipitishe kidole kutafuta tundu manake ule mchirizi unapenya ngozi na hiyo ni ajali ya kukimbilia hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano.

Haya, ncha. Chukua tochi, ingia chini, angalia paipu inaishia vipi. Kama ni paipu ya chuma, tafuta ule mviringo uliovimba karibu na mwisho wake, kama kituta kidogo. Kituta hicho ndo kinachozuia mpira usichomoke. Paipu iliyokatwa na msumeno ikabaki laini haina kituta, usivalishe mpira wa presha kubwa hata ukaze klipu mpaka ichanike, utateleza tu siku injini ikipata moto. Mpira uingie ukipite kituta kama milimita 25 hivi, na klipu ikae nyuma ya kituta, sehemu iliyonyooka, kati ya kituta na mwisho wa mpira. Klipu ikikaa juu ya kituta chenyewe inashika sehemu nyembamba sana, inakata mpira au inaruka.

Kuna fitingi zenye magamba makali mengi mfululizo, kama miiba ya samaki. Nyingi za hizo zimetengenezwa kwa mpira wake maalum unaosukumwa bila klipu, ukiweka klipu juu unaubana mpira kwenye magamba yale makali yanaukata kwa ndani, na huwezi kuona mpaka siku umeachia.

Magari mengi ya sasa yana paipu za nailoni na konekta za kubonyeza. Hapa ndo naona makosa mengi kuliko popote. Konekta inavunjika kale kaplastiki ka kufungia, mtu anakata nailoni, anavalisha kipande cha mpira, anabana klipu pande zote mbili. Nailoni ni laini ukilinganisha na chuma, ikibanwa inarudi ndani taratibu, baada ya muda klipu inaonekana imekaza lakini haishiki kitu. Dawa ni konekta ya saizi ileile yenye ncha ya kuingizwa kwenye nailoni, au laini nzima mpya. Unapoirudisha konekta sikiliza ile sauti ya kubonyea, halafu ivute kwa mkono kwa nguvu, usiamini sauti peke yake. Na oringi za ndani zikiwa zimekauka usizirudishe.

Fitingi za kufunga kwa spana zina mtego wake. Zile za AN, fitingi za kiwango cha kijeshi cha Marekani, mdomo wake una mteremko wa digrii 37, paipu nyingi za magari zilizotanuliwa mdomo zina 45, ukiziangalia kwa jicho zinafanana na nati unaweza kukuta inaingia, ila mdomo haukai sawa na utavuja milele hata ukaze vipi. Namba ya AN ni sehemu za 16 za inchi, kwa hiyo AN-6 ni inchi 3/8, AN-8 ni nusu inchi, ukijua hilo hupotei dukani. Meno yaliyonyooka na yale yanayopungua kama koni usiyalazimishe yaoane. Bolti za banjo, zile zenye tundu ndani petroli inapita humo, zina washa mbili za shaba au alumini, kila ukifungua weka mpya, si kitu cha kubania hela. Na tepu ya Teflon ya mafundi bomba iache kwenye mabomba ya maji, vinyuzi vyake vikikatika vinaenda na petroli hadi kwenye injekta. Meno ya koni yanatumia gundi ya majimaji inayohimili petroli, na kwenye mdomo wa AN huweki chochote, chuma kwa chuma ndo kinaziba.

Ukishajua ncha ndo sasa uje kwenye mpira, na hapa soma maandishi ubavuni. Mpira usio na maandishi usiuweke, hata muuzaji akuapie. Ukikuta SAE J30R6 au R7 (SAE ni viwango vya wahandisi wa magari, R na namba yake ni aina ya mpira), hiyo ni ya kabureta, kurudishia na mvuke, kikomo chake cha kazi ni psi 50, ona ilivyo karibu na psi 43 za injekta, hakuna akiba. Unaotaka ni J30R9, umetengenezwa kwa ajili ya injekta, psi 100 au zaidi, na ndani una tabaka la flurokaboni, ile familia ya Viton, ambayo petroli haiipenyi kirahisi na hata petroli yenye ethanoli inaivumilia vizuri. Mipira ya zamani ya nitraili ya kawaida ikikutana na ethanoli nyingi inakuwa laini, inavimba, baadae inapasuka.

Lakini R9 huohuo usiuzamishe ndani ya tangi! Ndani ni flurokaboni, nje sio, na mle tangini nje nako kunaoga petroli. Unavimba, unalainika, unachomoka kwenye pampu, sasa gari inakosa nguvu mlimani, mtu ananunua pampu mpya wakati pampu yake ilikuwa nzima. Wa kuzamisha ni J30R10, ndani na nje vyote vinahimili. Ni ghali, lakini kinachohitajika mle ni kipande kifupi tu.

Usidanganyike pia na namba ya presha peke yake. Mpira wa kompresa ya upepo unaweza kuandikwa psi 300 na petroli ikautafuna ndani ya muda mfupi, wa maji ya hita hivohivo, ule mweupe wa kuonekana ndani unakuwa mgumu kama kijiti unapasuka. Wa PTFE, ndo ileile Teflon, wenye wavu wa chuma nje ni mzuri sana, ila ndani uwe ule mweusi wenye kaboni unaopitisha umeme, manake petroli ikikimbia ndani ya PTFE nyeupe inajenga umeme tuli ambao unaweza kutoboa vitundu vidogo vya kupenyeza petroli. Nao una fitingi zake, haufungwi kwa klipu.

Saizi tunapima kipenyo cha ndani. Paipu ya milimita 8 inakaa na mpira wa 8 au wa inchi 5/16, ni kitu kilekile karibu. Ukiweka wa 3/8 ukategemea klipu iuminye, mpira unafanya mkunjo chini ya klipu na petroli inapita humo.

Klipu zenyewe. Zile za bisibisi zenye matundu kwenye bendi, za mipira ya maji, usizitumie hapa. Matundu yanakata mpira, na kubana kwake si duara kamili. Niliwahi kuhangaika na gari iliyokuwa inanuka petroli asubuhi tu, mchana hakuna kitu, ukipapasa ni pakavu. Ilikuwa klipu ya namna hii kwenye reli, injini ikipoa na kila kitu kikisinyaa inaachia kidogo, ikipata moto inaziba. Wiki mbili natafuta, na wiki mbili zile petroli ilikuwa inadondokea karibu na ekzosi, nikikumbuka naogopa mpaka leo. Nunua klipu za injekta, bendi nzima isiyo na matundu, kingo zimekunjwa kwenda nje, bolti na nati yake. Zina masafa mafupi sana ya saizi, kwa mfano milimita 13 hadi 15, kwa hiyo pima unene wa nje wa mpira ukiwa umeshavalishwa. Bendi ikikutana ncha kwa ncha bolti itahisi imekaza huku mpira haujabanwa. Klipu za sikio nazo ni nzuri ila zinataka koleo lake na ni za mara moja. Mpira ukianza kufura pembeni ya bendi umezidisha, simama.

Njia ya kupita nitasema kidogo tu: mbali na ekzosi, mbali na mkanda, uache ulegevu kidogo manake injini inacheza, na panapopita kwenye bati weka grometi, ile pete ya mpira ya kukinga kingo za tundu. Kata mpira kwa kisu kikali, sio msumeno, halafu upulize ndani.

Kabla ya kufungua chochote toa fiuzi ya pampu, washa injini mpaka ijizimie yenyewe, toa nyaya hasi ya betri, vaa miwani, zungushia kitambaa pale unapofungua manake kuna kilichobaki. Mtungi wa kuzimia moto, wa unga au povu, uwe karibu, sio ndoo ya maji. Na usifanyie kwenye shimo la gereji, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatuama chini na cheche moja inatosha.

Ukimaliza washa swichi bila kupiga stata, pampu inajaza sekunde mbili tatu, zima, washa tena, mara tatu nne, huku mwenzako anamulika kila jointi kwa tochi. Pangusa kila jointi kwa karatasi nyeupe kavu, karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Washa injini, ipate moto, rudia. Halafu kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kabla hujaenda popote, fungua boneti urudie tena na karatasi nyingine.