SOMO: Kukagua chakula kikavu cha paka kabla hujatoa hela

Habari wadau. Somo hili ni la yule anayesimama mbele ya rafu ya duka la dawa za mifugo, iwe hapa Mwanza mjini kati, Nyakato au Igoma, akiangalia mifuko mitatu yenye bei tatu na paka yuleyule mnene mwenye manyoya ya kung'aa. Picha iache. Hata ile "protini 32%" iliyoandikwa kwa maandishi makubwa mbele haikwambii kitu mpaka uipigie hesabu. Unachohitaji ni lebo ya nyuma, kikokotoo cha simu na dakika kumi. Kama muuzaji ana haraka, piga picha lebo, ukafanye hesabu nyumbani.

Hatua ya 1: Tafuta neno moja kwenye maandishi madogo

Lebo nyingi zinazofika huku ni za Kiingereza. Tafuta neno "complete". Likiwepo, mtengenezaji anadai kwamba paka anaweza kuishi kwa chakula hicho peke yake. Ukikuta "complementary", hicho ni cha kuongezea tu, hata mfuko uwe wa kilo kumi. Usipoona lolote kati ya hayo, rudisha mfuko kwenye rafu. Kisha angalia kimetengenezwa kwa ajili ya nani: wanaokua, wakubwa, au rika zote. Mtoto wa paka na jike mwenye mimba au anayenyonyesha hawapewi chakula cha wakubwa.

Mifuko ya Marekani hutaja AAFCO (chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama huko), ya Ulaya hufuata FEDIAF (shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani). Kwa AAFCO, paka mkubwa anatakiwa apate protini isiyopungua 26%, anayekua 30%, mafuta 9%, na taurini (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama) 0.10% kwa chakula kikavu. Asilimia zote hizo ni baada ya kuondoa maji.

Taurini ndiyo ya kukazania. Paka hawezi kuitengeneza mwilini kwa kiasi kinachomtosha, na akiikosa moyo hutanuka na kulegea, na retina ya jicho hufa taratibu. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba ugonjwa huo wa moyo ulitokana na upungufu wa taurini, tena kwa paka waliokuwa wakila vyakula vya dukani. Watengenezaji wakaongeza kiwango. Madhara huchukua miezi kujitokeza, kwa hiyo "wangu anakula wiki ya pili na yuko fresh" si ushahidi.

Hatua ya 2: Soma viungo kwa jicho la mashaka

Viungo hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, kizito kwanza. Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni nyama mbichi: karibu 70% yake ni maji, kwa hiyo "kuku" akiwa wa kwanza kwenye orodha, akishakaushwa anashuka nafasi kadhaa. Unga wa nyama ya kuku umeshakaushwa tayari, na ukiwa nafasi ya pili unaweza kuchangia protini kuliko kuku mbichi wa nafasi ya kwanza. Mtego wa pili ni kugawa nafaka: mahindi, unga wa mahindi na gluteni ya mahindi (protini iliyotenganishwa na nafaka) vikiandikwa mbalimbali, kila kimoja kinaonekana kidogo. Vijumlishe kichwani uone kama nyama bado inaongoza.

Jina la mbele nalo lina kanuni zake. Kwa mifuko ya Ulaya, "with chicken" ina maana kuku asiyepungua 4%. "Rich in" ni 14%. Neno "flavour" ni harufu na ladha tu, halikuahidi nyama.

Hatua ya 3: Hesabu ya wanga

Wanga hauandikwi kwenye lebo nyingi, na ndio unaopunguza gharama ya kiwanda. Unautafuta hivi: 100 toa protini, toa mafuta, toa nyuzinyuzi, toa majivu, toa unyevu. Majivu ni madini yanayobaki chakula kikichomwa. Yasipoandikwa, weka 8. Unyevu usipoandikwa, weka 10.

Chukua mfuko A: protini 32, mafuta 11, nyuzinyuzi 3, majivu 8, unyevu 10. Wanga ni 36. Sasa ondoa maji kwa kugawanya kila namba kwa 90 na kuzidisha kwa 100: protini 35.6%, mafuta 12.2%, wanga 40%. Mfuko B: protini 26, mafuta 8, nyuzinyuzi 5, majivu 9, unyevu 12. Wanga ni 40. Ukigawanya kwa 88 unapata protini 29.5%, mafuta 9.1%, wanga 45.5%.

Yote miwili inavuka kiwango cha paka mkubwa. B haifiki 30% ya anayekua, ingawa ukizungusha namba utajidanganya kwamba imefika. Punje haziwezi kushikana vizuri bila wanga kiasi, kwa hiyo usitafute sifuri. Ukizidi 45% ya kitu kikavu, mimi naona unalipia nafaka.

Hatua ya 4: Bei kwa siku, si bei kwa kilo

Kalori katika gramu 100: zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, wanga kwa 3.5, kisha jumlisha. Tumia namba za lebo kama zilivyo, kabla ya kuondoa maji. Mfuko A unatoa takriban 332, B 299.

Paka wa kilo 4 aliyehasiwa, wa ndani, anahitaji takriban kalori 200 hadi 240 kwa siku. Tuseme 220. Kwa A atakula gramu 66, kwa B gramu 74. Kama A ni shilingi 14,000 kwa kilo na B ni 10,000 (hizi ni bei za mfano), kwa siku A ni kama 930 na B 740. Pengo lililoonekana ni asilimia 40 dukani linashuka hadi kama 26 kwenye bakuli. Wengine wataona bado ni kubwa, na wana haki, ila walau sasa wanalinganisha kitu kinacholingana.

Pima hizo gramu kwa mizani ya jikoni mara moja, weka alama kwenye kikombe, basi. Kuchota kwa macho ndiko kunakonenepesha paka.

Hatua ya 5: Kagua mfuko wenyewe

Hapa ndipo chakula kizuri kinapoharibikia, hasa kwetu kando ya ziwa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya bechi. Pitisha kidole kwenye mshono wa juu na wa chini: uzi ulioshonwa upya, stika iliyobandikwa juu ya tarehe, tundu la panya, doa la mafuta lililojitokeza nje, yote ni sababu ya kuacha. Mfuko uliokaa dirishani jua la mchana linapopiga, usiuchukue hata ukipunguziwa bei.

Ukifungua nyumbani, nusa kabla paka hajanusa. Chakula kizima kina harufu ya nyama au samaki waliokaushwa. Mafuta yaliyochacha yana harufu kali inayokaa puani, kama rangi ya mafuta iliyokauka kwenye kopo. Vunja punje mbili: zinatakiwa zikatike kwa mlio. Zikikunjika, zimevuta unyevu. Mimina za chini kwenye sahani nyeupe uangalie unga, nyuzi za buibui, funza wadogo au ukungu wa kijani. Ukiona ukungu, tupa mfuko mzima. Usichambue wala usianike juani, maana sumukuvu haiondoki kwa jua wala kwa moto, na punje zisizo na ukungu machoni zinaweza kuwa nayo.

Kile kipimo cha kuloweka punje kwenye glasi ya maji na kungoja zivimbe hakipimi ubora. Kinaonyesha jinsi wanga ulivyopikwa tu.

Hifadhi: acha chakula ndani ya mfuko wake, kunja mdomo, bana, kisha tumbukiza mfuko mzima kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Ukimimina moja kwa moja kwenye ndoo, mafuta hushika kwenye kuta, huchacha, na kuharibu chakula kipya utakachoongeza. Maliza ndani ya wiki nne hadi sita. Wakati wa masika lenga nne. Mfuko mkubwa wa bei ya jumla kwa paka mmoja ni hasara inayojificha: kilo 10 kwa gramu 66 kwa siku ni karibu miezi mitano.

Hatua ya 6: Mjaribu paka taratibu

Badilisha kwa siku 7 hadi 10: robo mpya kwa siku mbili tatu, nusu, robo tatu, kisha chote. Ukibadilisha ghafla utapata kuhara na kulaumu chakula kisicho na kosa. Akigoma, usimkomoe kwa njaa. Paka asiyekula siku moja hadi mbili, hasa mnene, anaweza kupata mafuta kwenye ini, na hilo huua.

Kisha fuatilia wiki sita. Kinyesi kiwe kigumu chenye umbo, manyoya yasiwe na mba, na uzito usiyumbe. Jipime peke yako, jipime umembeba, toa. Kwa paka wa kilo 4, gramu 200 ni asilimia 5 ya mwili wake, kwa hiyo usizipuuze.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Buzuruga): Duka la jirani wanafungua mfuko na kupima kwa kilo kwenye nailoni. Bei nzuri. Nikague vipi?
Jibu: Hapo hakuna cha kukagua, mkuu. Huna viungo, huna tarehe, hujui mfuko umefunguliwa lini. Mwombe muuzaji akuonyeshe mfuko alimochota, piga picha lebo na tarehe, na ununue cha wiki mbili tu. Akikataa kuuonyesha, nenda kwingine.

Swali (Kirumba): Shikamoo. Naishi karibu na soko la samaki la Mwaloni, dagaa ni wa kumwaga. Naruhusiwa kuchanganya?
Jibu: Marahaba. Ruksa, ila wawe kionjo. Usizidishe asilimia 10 ya kalori za siku, yaani gramu 5 hadi 6 za dagaa wakavu kwa paka wa kilo 4, na upunguze punje kidogo. Walioanikwa chini wana mchanga: osha mara tatu nne mpaka maji yatulie bila mchanga chini ya bakuli, kisha chemsha bila chumvi, bila kitunguu maji wala saumu, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Waliotiwa chumvi usimpe. Samaki mbichi pia usimpe, kwa sababu samaki wengi wa maji baridi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1; moto hukiua.

Swali (Nyegezi): Chakula cha mbwa ni nusu bei. Tofauti ni nini hasa?
Jibu: Protini ya chini kabisa kwa mbwa mkubwa ni 18%. Mbwa hujitengenezea taurini na asidi ya arakidoni (aina ya mafuta ya lazima mwilini), na hugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A. Paka hawezi kufanya hayo kwa kiasi kinachomtosha. Akidokoa bakuli la mbwa mara moja hakuna neno, kukifanya mlo wake ndiyo shida.

Swali (Sengerema): Kwa hiyo paka wetu wa ugali na dagaa wa miaka yote waliishi vipi?
Jibu: Waliwinda. Panya mzima, nyama, moyo na ini, ana taurini na vitamini A ya kutosha, na sehemu kubwa ya mwili wake ni maji. Paka wa ndani asiyewinda akipewa ugali huohuo hana pa kufidia.

Swali (Igoma): Ulioandikwa "bila nafaka" ni bora?
Jibu: Piga hesabu ya hatua ya 3. Mara nyingi mahindi yameondolewa na kuwekwa viazi au njegere, na wanga uko palepale.

Swali (Mabatini): Namba ya protini yenyewe inaweza kudanganya?
Jibu: Ndiyo, dada. Maabara hupima nitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, kwa hiyo chochote chenye nitrojeni kinasomeka protini, yakiwemo manyoya. Mwaka 2007 Marekani vyakula vingi vya paka na mbwa viliondolewa sokoni baada ya gluteni ya ngano kutoka China kukutwa imetiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, ili isomeke ina protini nyingi. Wanyama walikufa kwa figo. Ndiyo maana lebo isiyosema protini imetoka kwa mnyama gani haitoshi, na ndiyo maana namba ya bechi unaitunza mpaka mfuko uishe.

Swali (Mkolani): Dume langu lililohasiwa linakula kikavu tu. Tangu jana linaingia kwenye mchanga kila saa, linakamua, mkojo hautoki. Nibadili kwenda chakula gani?
Jibu: Usibadili chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi, usingoje kesho. Dume likiziba mkojo linaweza kufa ndani ya siku moja hadi mbili. Usilibonyeze tumbo, usilipatie dawa ya binadamu. Likishazibuliwa, daktari ndiye atakayesema litakula nini, kulingana na aina ya vijiwe. Kwa wengine wenye madume ya kikavu: maji safi kwenye mabakuli mawili mapana yaliyo mbali na chakula, na mlo mmoja wa siku umwagie maji ya vuguvugu. Usipoliwa ndani ya saa moja hadi mbili, mwaga. Kwa joto letu chakula kilicholowa huchacha haraka.